Mnaoandika hadithi za katuni: mnaishije, na shujaa mnamtoa wapi?

KijanaWaMsamvu:

Wakuu, habari za jioni.

Naandika hadithi za katuni. Kuchora sijui, anachora rafiki yangu. Tuko Morogoro. Yeye ana meza na taa kwao Kihonda, mimi nina daftari na simu. Hadithi yetu ya kwanza imefika katikati na tumekwama.

Shujaa wetu anaitwa Radi. Ukurasa wa kwanza majambazi wanaua wazazi wake. Wa pili anapigwa na radi juu ya milima ya Uluguru. Wa tatu anavaa suti nyeusi yenye mstari wa njano na kisasi kinaanza. Tumewapa watu wa mtaani wasome, wote wanasifia michoro. Hadithi yenyewe hakuna anayeitaja. Mdogo wangu wa kike aliuliza kitu kimoja tu, "Sasa huyu anakula kwa nani?" Nikamfukuza chumbani.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Maisha ya kuandika katuni yakoje kila siku? Nyumbani wanawaelewa? Na shujaa anayekaa kichwani mwa msomaji anatengenezwaje? Baba anataka nikamalizie chuo cha ufundi, VETA, nahitaji jibu la kumpelekea.

Nawasilisha.

Nyundo_ya_Kati:

Ngoja waje wenyewe. Mimi nilijaribu, mama watoto akaniuliza hizo karatasi zikipelekwa dukani zinarudi na unga? Nikarudi kwenye bajaji yangu. Nimekaa paleee nasoma.

BintiKinyozi:

Mdogo wangu, kwanza kamwombe radhi huyo binti. Amekufanyia kazi ya mhariri bure na wewe umemtoa nje.

Mimi naandika katuni na ndizo zinazonilisha, ingawa zinazonilisha sizo ninazozipenda. Naishi Tabata, mume wangu fundi friji, tuna watoto watatu. Baba yangu alikuwa kinyozi Tanga, kule Ngamiani, na kwenye benchi la wateja palikuwa na rundo la magazeti ya katuni ya Sani yasiyo na majalada. Watu walinyolewa wakamaliza, wakabaki wamekaa. Nilijulia kusoma pale, shuleni nilikwenda kukazia tu. Sasa wakumbuke wale watu wa Sani: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Madenge. Hakuna hata mmoja anayeruka angani. Mmoja mnafiki, mwingine hana kazi, mwingine mtoto mtukutu. Marehemu Philip Ndunguru alipomchora Ndumilakuwili hakuwa anatafuta mtu wa kuigwa. Alimchora mtu ambaye kila mtaa ulikuwa naye, na wateja wa baba walikuwa wakisoma huku wanakonyezana kumwonyesha jamaa wa benchi la pili.

Umeuliza siku yangu. Asubuhi ni ya uji na sare za shule, hiyo haina hadithi. Nyumba ikitulia nakaa kwenye meza ya kulia chakula, ile kona ambayo mtandao unashika. Kazi inayolipa ni katuni za miradi: kunawa mikono, chandarua, bima ya afya, siku hizi mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Mteja analeta ujumbe wake, mimi natafuta kisa cha kuubeba. Naandika fremu kwa fremu: tuko wapi, nani yupo, ameshika nini, anafanya nini, anasema nini. Mchoraji wangu yuko Mwanza, tunatumiana kwa WhatsApp. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba fremu moja inabeba tendo moja. Ukiandika "anaamka, anavaa viatu, anatoka mbio", atakujibu, "Nichore kipi?" Na puto la maneno ni dogo kuliko unavyodhani. Nikimpa mhusika hotuba, mchoraji ananirudishia picha ya puto kubwa na kidole gumba kimechomoza chini yake. Ndiyo nafasi iliyobaki ya mtu.

Bando linaisha, umeme unakatika, hayo unayajua.

Wateja wa miradi nao wana kitu kimoja: shujaa wao hakosei. Mmoja aliwahi kunirudishia kurasa kwa sababu mhudumu wa afya kwenye hadithi alisahau jina la mgonjwa. Wahudumu wetu hawasahau, wakasema. Nikarekebisha. Hela ilikuja nikiwa nimeshaacha kuiulizia, na kile kijitabu nilikutana nacho Buguruni kimefungiwa karanga. Sikuumia sana, karanga zilikuwa nzuri.

Nyumbani wananielewa kwa mafungu. Mume wangu ndiye msomaji wangu wa kwanza, ila hasomi. Namsomea yeye akiwa uani, kichwa kimezama nyuma ya friji la mtu. Akiacha kugonga, najua pale pana kitu. Akiendelea kugonga nafuta. Mama mkwe akija kutoka Handeni anawaambia majirani kwamba mimi ni sekretari, maana muda wote ananiona naandika. Sijamsahihisha. Kumwambia naandika katuni kungeitisha kikao. Mtoto wa pili anataka kujua nani angempiga nani, basi, mengine hayamhusu.

Sasa tuje kwa Radi wako.

Angalia mashujaa wa Marekani mnaowaiga. Superman, mwaka 1938: wazazi na sayari yao nzima wameangamia. Batman, mwaka 1939: wazazi wamepigwa risasi uchochoroni. Spider-Man, mwaka 1962: amelelewa na mjomba na shangazi, na huyo mjomba naye akauawa. Wanamwondoa baba ili shujaa apate nafasi ya kutembea usiku bila kuulizwa. Kwao inakubalika. Kwetu yatima anapata wa kumwuliza wengi zaidi: baba wadogo, shangazi, wajomba, na kikao cha ukoo cha kuamua atakaa kwa nani na ada italipwa na nani. Wewe umeua wazazi ukurasa wa kwanza halafu hakuna msiba! Hakuna turubai, hakuna aliyepika, hakuna aliyekuja na basi la usiku kutoka Mahenge. Msomaji wa Morogoro amekaa anangoja kuona nani alizika. Hakuoni wewe na radi yako. Ndiyo maana wanasifia michoro.

Shujaa wetu wa zamani kuliko wote pwani hii ni Fumo Liyongo, na kisa chake ni cha kifamilia mwanzo hadi mwisho. Msome kwenye utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Mfalme wa Pate anamwogopa, anamfunga. Anayemtoa gerezani ni mama yake: anaoka mkate wa wishwa, katikati anaficha tupa ya kukatia chuma, anamtuma kijakazi Saada. Pamoja nao anatuma mkate mzuri, kwa hiyo walinzi wanakula ule mzuri na wa wishwa wanamwachia mfungwa. Ngoma inapigwa nje, yeye ndani anakata minyororo na sauti ya tupa haisikiki. Mwanamume mwenye nguvu za kutisha watu ameokolewa na jiko la mama. Na anayemwua ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Anamwuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumwua. Baba anajua kabisa kwa nini anaulizwa, na anajibu: sindano ya shaba, kitovuni. Hakuna jambazi yeyote wa kukodiwa anayeweza kukupa ukurasa kama huo.

Si mambo ya kale tu. Novemba 2022 ndege ilipoangukia Ziwa Victoria pale Bukoba, watu 19 wakafa na 24 wakaokoka, yule kijana mvuvi Majaliwa Jackson alikwenda na kasia akihangaika na mlango, mwenyewe akaishia kuzirai na kupelekwa hospitali. Baadaye alipewa kazi Zimamoto na Uokoaji. Kwenye grupu letu la mtaa hakuna aliyeuliza ana nguvu kiasi gani. Waliuliza kwao ni wapi, mama yake yuko hai, ana mke? Wakabishana wee mpaka usiku.

Yangu mimi, ambayo hakuna anayenilipa, ni ya kuli wa Kariakoo. Chochote anachokishika kinakuwa chepesi kama pamba: gunia, jenereta, gari. Siri hiyo ndugu zake wanaijua. Unadhani wanamtumia kupambana na uovu? Wanamtumia kuhama nyumba! Kila Jumapili kuna mtu anahama. Mjini kunatokea balaa naye yuko Mbezi, ghorofa ya tatu, amebeba kabati la vyombo la shangazi, na shangazi anamwambia ageuke taratibu, vile vikombe ni vya harusi. Hawezi kumwacha, kwa sababu huyo ndiye aliyemlipia ada tangu kidato cha kwanza. Hadithi yote iko pale kwenye ngazi. Mume wangu alitoa kichwa nyuma ya friji nilipofika hapo.

Kwa hiyo sikwambii ufute radi. Nakuuliza tu: anakula kwa nani, anadaiwa na nani, na ile suti yenye mstari wa njano nani alimshonea?

MzeeWaKofia:

Nimesoma maelezo ya binti yangu hapo juu, yamenyooka. Ila niweke pingamizi.

Sisi miaka ya sabini mwanzoni tulikuwa bweni, Iringa. Kulikuwa na gazeti la African Film, la picha za kupiga na kamera, watu halisi wanaigiza na maneno yamewekwa juu ya picha. Shujaa alikuwa Lance Spearman, sisi tukimwita Spear tu. Nakala moja ilizunguka bweni zima mpaka inachanika, na mwenye zamu ya mwisho alisoma kurasa zilizounganishwa kwa gundi ya ugali. Spear alikuwa Mwafrika, amevaa suti na kofia, anaendesha gari la maana, anawapiga wahalifu na hakuna mzungu wa kumpa amri. Kwa kijana wa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Shangazi hakuwa naye. Kikao cha ukoo hakuwa nacho. Na tulimpenda hasa kwa hilo! Mimi nilikuwa na shangazi sita, kwa nini nitoe senti zangu kusoma habari za wa saba?

Mwacheni kijana na Radi wake. Kuna msomaji anataka kutoka nje ya nyumba yao kwa nusu saa.

BintiKinyozi:

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenikaba, na sitajifanya sijakabwa.

Ila nikumbushe kidogo: Spear naye hakuwa peke yake, alikuwa na wasaidizi wake, Sonia na yule mtoto Lemmy. Walioandika walijua kwamba mtu asiye na wa kumngoja hachelewi popote. Halafu nyinyi mlikuwa bweni mzee, shangazi walikuwa mbali. Wasomaji wangu wanasoma kwenye simu wakiwa chumba kimoja na shangazi mwenyewe, naye anauliza unacheka nini.

MwanaAmu:

Dada, Liyongo umemsimulia vizuri lakini umekatia penye utamu. Baada ya kudungwa hakufia ndani. Alichukua uta wake akaenda kisimani, akapiga goti na mshale tayari kwenye upote, ile kamba ya uta, akafa vivyo hivyo. Watu wakimwona kwa mbali wanajua yu hai na ana hasira. Maji hayatekwi. Mji una kiu. Ikabidi wamwendee mama yake amsihi mwanawe, na mama akaenda, akambembeleza kwa maneno akidhani kakasirika. Hawakujua mpaka alipoanguka. Kwa hiyo mama amemtoa gerezani, na mama ndiye aliyesukumwa mbele kisimani pia. Ukenda Kipini utaonyeshwa kaburi lake.

Huku Kenya nasi tuna ushahidi wa upande wako. Juha Kalulu wa Edward Gitau ameishi miaka na mikaka kwenye Taifa Leo, na ni mtu wa kawaida kabisa, mambo yake yaharibika kila siku na kesho yake yuko pale pale. Wazee walifungua gazeti kwa Juha kabla ya siasa. Hata gazeti la katuni la Shujaaz lililoanza 2010, lile lililopata tuzo ya Emmy ya kimataifa 2012, mhusika wake mkuu DJ Boyie ni kijana hana ajira, anarusha redio kwa siri kutoka chumbani mwake. Nguvu zake ni maikrofoni. Jina la gazeti lasema mashujaa, lakini hakuna anayeruka.

Ila na mimi nampa mzee nusu ya haki. Radi ni jina tamu, msilitupe.

KijanaWaMsamvu:

Asanteni sana wakubwa zangu, shikamooni. Nimemwomba radhi mdogo wangu, ameomba hela ya chipsi kama fidia.

Dada BintiKinyozi, kuna jambo nimelificha. Kuna mchapishaji ameona michoro kwenye simu ya mtu, anataka tumuuzie Radi moja kwa moja, yeye ndiye awe mwenye mhusika, sisi tulipwe mara moja tuendelee kumwandikia. Rafiki yangu anataka tuchukue, mama yake anaumwa. Hela si mbaya kwa watu kama sisi. Kingine, kwenye barua yake ametaja jina la mchoraji tu.

BintiKinyozi:

Hilo ungelianza nalo, mdogo wangu.

Superman niliyemtaja aliundwa na vijana wawili, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji. Mwaka 1938 waliuza haki zote kwa dola 130. Wawili, kwa pamoja. Miaka iliyofuata waliimalizia mahakamani wakidai kitu walichokitoa kwa sahihi moja. Na hilo la jina lako kutokuwepo: Batman alisainiwa na mchoraji Bob Kane peke yake. Mwandishi Bill Finger, aliyechangia sehemu kubwa ya yule mhusika, alikufa 1974, na jina lake lilianza kuwekwa rasmi mwaka 2015. Mwandishi wa katuni haonekani kwenye picha, kwa hiyo ni rahisi sana kumsahau bila hata nia mbaya.

Fanyeni hivi. Kabla ya mchapishaji, wewe na rafiki yako andikianeni: Radi ni wa nani, nusu kwa nusu au vipi, mmoja akiondoka inakuwaje. Ukurasa mmoja unatosha, wekeni mashahidi. Msione aibu kwa sababu ni marafiki, aibu ndiyo inayogombanisha. Halafu nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkasajili kazi yenu. Mkimaliza, mwambieni huyo bwana mnampa ruhusa ya kuchapisha hadithi hii, kwa muda fulani, kwa malipo fulani, na mhusika anabaki wenu. Akikataa, mmejua alikuwa anataka nini. Majina mawili kwenye jalada, hilo msilijadili.

Kuhusu mama wa rafiki yako, usimlazimishe kwa maneno yangu. Mwenye mgonjwa ndani anapiga hesabu nyingine. Ombeni malipo ya awali ya kuchapisha, wengine hutoa. Na zungumzeni na mtu wa sheria kabla ya kusaini, si mimi wa Tabata.

Nyundo_ya_Kati:

Dola 130! Bajaji yangu peke yake tairi na betri zimekula zaidi ya hapo.

KijanaWaMsamvu:

Nimempelekea rafiki yangu uzi wote, amesema tutaandikiana kesho, mdogo wangu awe shahidi. Hela ya kulipa mara moja tumeiweka pembeni kwanza, tutamrudia yule bwana na ombi la malipo ya awali.

Na nimefufua wazazi. Mama anauza vitumbua. Baba ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na soko. Nilikuwa nawaza lile swali la suti. Radi aliiba kitambaa cheusi cha mteja wa baba, akaenda kushonesha kwa fundi mwingine Chamwino ili asijulikane. Sasa baba anaiona suti kwenye picha ya gazeti. Kitambaa anakijua. Mshono anaujua si wake, na ni mbovu. Mteja yuko mlangoni anadai suti yake ya harusi. Hapa ndipo nimefika.

BintiKinyozi:

Nimemsomea mume wangu. Ameacha kugonga, kauliza, "Akamwambiaje huyo mteja?"

Basi futa kurasa tatu za mwanzo, anzia kwa mteja akipimwa: baba na futi shingoni, Radi anaandika vipimo kwenye daftari. Fremu nne, maneno machache. Na mwambie mchoraji asimchore baba akilia anapoiona ile picha ya gazeti. Amchore ameshika miwani anaukagua mshono wa begani.